Sungura wangu wa katuni anaelea kwenye video ya bibi, nakosea wapi? Ndo naanza kujifunza

#1 BarazaLaTanga
Habari wadau, naomba msaada kwa wanaojua animesheni. Nina video ya bibi yangu kakaa barazani anatusimulia hadithi ya sungura na fisi, sekunde 38, imepigwa kwa simu. Nikamchora sungura mwenyewe kwenye Krita, ile programu ya kuchorea, nimemchora vilevile nilivyokuwa namuona kichwani nikiwa mdogo, masikio marefu, moja limekunjika, kavaa kikoi. Nataka akae kwenye mkeka pembeni ya bibi amsikilize, na ikifika sehemu ya fisi kunasa acheke. Nimemuweka juu ya video kwenye CapCut, ile ya kuhariri video, anacheza vizuri tu, masikio yanatikisika, lakini HAKAI. Anaelea. Yaani kama stika iliyobandikwa kwenye kioo cha simu, bibi yuko kule ndani na sungura yuko huku nje. Nimemsogeza, nimempunguza, nimemkuza, wapi. Laptopu yangu ni ramu 8 haina kadi ya picha. Tatizo hasa ni nini?

#2 FundiPikseli
Kivuli. Sijaiona video lakini nakuambia ni kivuli. Kitu kikikaa chini kinaacha vivuli viwili, kuna kile kirefu cha jua na kuna kale kamstari keusi kabisa pale mwili unapogusana na sakafu. Hako ka pili wanaoanza hawakachori kwa sababu hawajawahi kukaangalia, ila jicho linakatafuta. Weka kikombe mezani sasa hivi angalia chini yake utakaona. Chora kivuli kwenye leya (tabaka la mchoro) yake peke yake chini ya sungura, weka maltiplai ili kitie giza kilicho chini bila kukifunika, kingo za mbali zififishe, ila pale makalio yanapogusa mkeka acha pawe peusi na pembamba. Atakaa tu.

#3 NyangumiWaKilwa
Mkuu #2 kivuli ni kweli ila umeanzia katikati. Kasema imepigwa kwa simu, maana yake imepigwa kwa mkono, na mkono unatikisika hata ubane pumzi. Mkeka unasogea pikseli 3 kushoto, 5 juu, sungura yeye kaganda palepale kwenye skrini, hapo hata umpe vivuli kumi ataelea pamoja na vivuli vyake. Kwanza trakingi. Fungua Blender, ni ya bure, kuna upande wa klipu, unachagua pointi kwenye video, kona ya mkeka, doa la ukutani, msumari, na programu inazifuata fremu kwa fremu, yaani picha mojamoja za video. Ukitaka ikupigie hesabu ya kamera nzima lazima uwe na pointi zisizopungua 8 zinazoonekana kwa pamoja, nyingine za karibu nyingine za mbali. Mwisho inakuambia imekosea kwa pikseli ngapi. Ikiwa chini ya 1 unaweza kuanza, mimi binafsi sigusi kitu mpaka ishuke chini ya 0.5.

#4 asha_wa_twiga
Nakaa hapa mbele kabisa. Na mimi nina video ya mtoto wa dada nataka kumuwekea twiga.

#5 DodomaRenda
Nyie wawili mnamtisha mwenzenu. Mleta mada fanya hivi, chukua sehemu nyeusi kuliko zote kwenye sungura, nadhani ni jicho, ilinganishe na sehemu nyeusi kuliko zote kwenye video. Nyeusi ya video ya simu mchana si nyeusi, ni kijivu chenye ubuluu, na nyeupe yake si nyeupe. Sungura wako katoka Krita na nyeusi ya 0 na nyeupe ya 255, lazima aruke mbele ya kioo. Pandisha weusi wake, shusha weupe, upande wa jua mpake joto kidogo, upande wa kivulini mtie rangi ya anga. Halafu chengachenga, vile vidoa vidogovidogo. Video ya simu ina chengachenga zinazocheza kila fremu, katuni yako safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Mtie na yeye chengachenga. Nusu saa tu na utaona tofauti kabla hujaenda kuhangaika na hesabu za kamera.

#6 MzeeWaSinema
Vijana hili swali lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1914 Winsor McCay alisimama jukwaani kule Marekani mbele ya skrini, anaongea na dinosaria wa katuni, anamrushia tunda na mnyama analipokea. Hakukuwa na trakingi wala kivuli cha kuchora, ni kupanga muda tu. 1945 Gene Kelly akacheza dansi na Mickey Mouse. Halafu 1988 ikaja Who Framed Roger Rabbit, nayo ni ya sungura, kompyuta zilishaingia ndo mambo yakawa mepesi. Itazame hiyo kijana, kila unachouliza kimo mle.

#7 Kisiwani_Lamu
Mzee shikamoo. Kwa heshima nakurekebisha pawili. 1945 alikuwa Jerry, yule wa Tom na Jerry, sio Mickey. Na ile ya 1988 haikuunganishwa kwa kompyuta, katuni zilichorwa kwa mkono. Walipiga waigizaji kwanza, kila fremu ikachapwa kama picha kubwa, wachoraji waliokuwa chini ya Richard Williams wakaweka karatasi juu yake wakachora sungura kwa mkono. Kisha leya ya rangi, leya ya kivuli, leya ya mwanga, zikaunganishwa kwenye filamu kwa mashine za kupiga picha juu ya picha. Na kamera yao ilikuwa inatembea kweli, jambo ambalo kabla ya hapo wengi walilikwepa kwa sababu hiyohiyo aliyoisema #3. Kuna pale mtu anagonga taa inayoning'inia na taa inayumba chumba kizima, mwanga unaenda unarudi, na mwanga na kivuli juu ya sungura vinabadilika fremu kwa fremu. Wangeweza kuiacha taa itulie wakapunguza kazi, hawakuiacha. Mimi ndo pale nilipopenda hii kazi.

#8 MzeeWaSinema
Marahaba. Ni Jerry kweli, na la kompyuta nimelipokea, ahsante. Lakini hoja yangu iko palepale. McCay hakuwa na kivuli wala rangi ya kulinganisha na watu walimuamini, kwa nini? Kwa sababu alimtazama dinosaria pale alipo. MACHO. Mleta mada, bibi yako anamtazama sungura? Kama anatazama kwingine basi sungura hayupo, hata umfanyie yote waliyosema hawa.

#9 FundiPikseli
Mzee hapo umetupiga wote. Kwenye hiyohiyo ya 1988 walitengeneza sungura wa mpira wa ukubwa kamili, waigizaji wafanye naye mazoezi macho yajue pa kwenda.

Basi ushauri wangu piga upya. Mkalishe bibi palepale, saa ileile. Chukua fimbo ibandike karatasi kwenye urefu wa macho ya sungura, bibi aitazame. Halafu kabla ya kuanza weka yai na chupa ya maji pale atakapokaa sungura, rekodi sekunde 5, kisha viondoe. Yai litakuonyesha mwanga unatoka wapi na unafifia vipi, chupa itakuonyesha kivuli kinalala upande gani na urefu gani. Wenye pesa wana mpira wa kijivu wa kazi hiyo, yai linatosha. Na msipige saa sita mchana, kwetu huku saa hizo kivuli kinakuwa miguuni hakina umbo, saa mbili au tatu asubuhi ndo safi.

#10 boda_wa_picha
Naongezea kwa #9. Kaka ukirudia weka simu kwenye stendi, funga mwanga na fokasi zisijibadilishe zenyewe. Open Camera ya Android inakubali kufunga na ni ya bure. Zima kile kitulizi cha simu cha kupunguza mtikisiko maana kinakata na kuvuta kingo za picha, trakingi inachanganyikiwa. Kama ni ndani chini ya taa weka kasi ya shata (mlango wa mwanga wa kamera) sekunde 1/50 au 1/100, umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, ukiweka nyingine unaweza kupata mistari inayopanda ukutani.

Na sungura aguse kitu. Funga mshipi wa kuvulia samaki kwenye kikombe cha kahawa, mtu avute pembeni, kikombe kisogee, halafu chora mkono wa sungura juu yake. Kikombe cha kweli kikisogea mtazamaji haulizi tena kuhusu kivuli.

#11 BarazaLaTanga
Ahsanteni sana wote, sikutegemea majibu haya. Kwanza mimi ni dada sio kaka wala kijana, hamna shida. Pili siwezi kupiga upya. Bibi alifariki 2021. Hii video ni ya 2019, aliyeshika simu ni mpwa wangu alikuwa na miaka 9, ndo maana inatikisika, na ndo video pekee anayosimulia mwanzo mpaka mwisho bila mtu kumkatiza. Yule mpwa sasa anaondoka kwenda shule ya bweni na hii nataka niwape yeye na wenzake. Kwa hiyo nielekezeni kwa hichi kilichopo.

Jana usiku nimejaribu kivuli cha #2. Sekunde 4 za kwanza sungura alikaa, nilishtuka mwenyewe jinsi alivyokaa. Halafu mtoto anasogea karibu na bibi na kila kitu kinahama.

#12 boda_wa_picha
Pole sana dada, Mungu amrehemu bibi. Yangu ya kupiga upya yaacheni. Swali moja, hiyo faili ni ileile iliyotoka kwenye simu iliyopiga au ilipita kwenye grupu la familia?

#13 BarazaLaTanga
Ilipita kwenye grupu. Ndo niliyonayo.

#14 NyangumiWaKilwa
Pole dada. Sasa anza hapo kabla ya kitu kingine chochote. Video ikipita kwenye grupu inabanwa, mkeka wenye miraba mizuri unageuka vibokisi, na trakingi inashika vibokisi badala ya mkeka, pointi zinateleza kama sabuni. Itafute simu iliyopiga, hata kama imevunjika kioo. Ukiipata usiitume tena kwenye grupu, tumia waya.

Na jambo la pili, simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo sawa, sehemu inaenda 30 kwa sekunde, giza likiingia inashuka mpaka 24, inarudi 29. Macho hayaoni ila ukiiweka kwenye Blender au Krita sauti na picha zinaanza kuachana, na sungura uliyempanga sekunde ya 20 anachelewa. Ipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadili faili za video, chagua fremu zisizobadilika, 30. Ya bure pia.

#15 mtu_wa_kisumu
Pole sana dadangu. Hapo kwa fremu #14 amegusa lakini hajamaliza. Mimi naona shida yote iko hapo. Wengi tunachora michoro 12 kwa sekunde kwa sababu mkono unachoka, na video inaenda 30. Sasa video inasogea kila fremu na mchoro umekaa fremu mbili ama tatu bila kusonga, hiyo ndio inaleta ile kuelea unasema. Ile filamu ya 1988 #7 anaisifu walichora kila fremu, 24 kwa sekunde, hawakuruka. Hiyo ndio siri, si kivuli.

#16 DodomaRenda
Napinga kidogo mkuu. Kuna mchoro na kuna mahali mchoro ulipo, ni vitu viwili. Mchoro unaweza kubadilika mara 15 kwa sekunde na hakuna atakayelalamika, ila MAHALI ulipo kwenye skrini lazima pafuate video kila fremu. Ukifanya hivyo sungura anabaki kwenye mkeka hata kama mkono wake unasogea kikatuni. Kwa sekunde 38 ni michoro 570, na akiwa kakaa tu anasikiliza mingi unarudia, kupepesa macho michoro 4, sikio 6. Akichora kila fremu ni 1,140 na huyu ndo kwanza anaanza, ataacha wiki ya pili.

Alafu usitumie 12 kwenye video ya 30, hesabu hazigawanyiki vizuri. Tumia 15 au 10.

#17 mtu_wa_kisumu
Kama kamera inatikisika kwa fremu moja na mchoro hauna ule ukungu wa kitu kinachosogea, bado jicho litajua. Lakini 570 ni ya kibinadamu, hiyo nakubali.

#18 MwanaMvita
Mie si mtaalamu wa haya mambo yenu, nimevutwa na hadithi. Kwetu Mombasa bibi zetu hawakusema sungura, walisema kitungule. Bibi wa Tanga alianza vipi, paukwa?

#19 BarazaLaTanga
Alianza paukwa, sisi pakawa. Mama yangu ndo alizoea hadithi hadithi, hadithi njoo. Kwenye video unasikia pakawa ya watoto kabla hujawaona.

#20 MwanaMvita
Basi hiyo pakawa aiseme na kitungule pia. Mdomo wake ufunguke na wa watoto. Mie kwangu hapo atakuwa amekaa, hata bila ya pikseli zenu.

#21 Kisiwani_Lamu
MwanaMvita umesema si mtaalamu na umetoa wazo kubwa kuliko letu hahaha. Sauti hatukuigusa kabisa. Sungura akikaa lazima mkeka ukwaruze kidogo, akijikuna isikike. Rekodi sauti ya kukaa kwenye mkeka wa ukindu wa kweli, usichukue ya mtandaoni.

#22 asha_wa_twiga
Mimi nililipia kozi ya animesheni mahali fulani mjini, miezi mitatu, tulifundishwa grini skrini tu, lile pazia la kijani la nyuma linalofutwa baadaye, mwanzo mwisho. Hakuna siku walisema kuhusu kivuli cha kugusa wala nyeusi ya video. Jana nimefuata #2 na #5 twiga wangu kasimama uani. Video yangu ilikuwa kwenye stendi ndo maana sikuhitaji trakingi. Ahsanteni.

Swali, kwa nini nikitoa twiga kama mp4 anakuja na ukuta mweusi nyuma?

#23 FundiPikseli
Hongera Asha. mp4 ya kawaida haibebi uwazi, haina sehemu ya kuhifadhi kwamba hapa pako wazi, inajaza weusi. Toa picha mojamoja za PNG zenye namba kwenye folda moja, ziingize kama mfululizo. Umeme ukikatika katikati pia unaendelea ulipoishia, hurudii mwanzo.

Na grini skrini si ndo njia pekee hata huko kwa wakubwa. Mary Poppins ya 1964 walitumia pazia jeupe lililomulikwa na taa za sodiamu, zile za njano kama za barabarani, kamera ilikuwa na kioo cha pembe kinachogawa mwanga kwenye filamu mbili, moja inachukua rangi za watu, nyingine inachukua ile njano peke yake kama maski, yaani umbo la kukatia mtu. Mpaka shela linaloonyesha ng'ambo lilikatwa safi. Lakini kwa video ya dada hapa haina msaada, baraza halina pazia.

#24 BarazaLaTanga
Wadau NIMEIPATA. Simu ilikuwa kwenye droo la mama, betri imevimba, fundi wa mtaani kaiwasha kwa waya moja kwa moja tukatoa faili. Imenyooka, mkeka unaona mpaka uzi. Halafu ina sekunde 6 za mwanzo ambazo kwenye grupu zilikatwa, bibi anavuta leso anajiweka sawa anasema mtoto shika vizuri hiyo simu. Nimezisikiliza mara nyingi.

Nikapitisha HandBrake, nikaweka pointi 11 kwenye Blender. Kosa limekuja pikseli 4.1. Nimerudia mara tatu haishuki.

#25 NyangumiWaKilwa
Alhamdulillah kwa faili. Pointi umeziweka wapi na wapi? Taja zote.

#26 BarazaLaTanga
Mkeka kona 3, nguzo ya baraza 2, msumari wa ukutani, kizingiti, kikombe, ua la leso ya bibi 2 na jani la mwembe nyuma.

#27 NyangumiWaKilwa
Hapo hapo. Leso inapumua na bibi, jani linapepea. Programu inadhani kila ulichoshika hakisogei, kwa hiyo bibi akivuta pumzi yenyewe inahesabu kwamba kamera imerudi nyuma. Futa leso zote mbili, futa jani. Kikombe kibaki kama hakuna aliyekishika. Zimebaki 8, ongeza mbili sakafuni karibu na kamera kwa usalama.

#28 BarazaLaTanga
0.7!!! Nimeweka ubao mtupu kwenye mkeka kujaribu, umekaa kama umepigiliwa misumari. Mtoto anasogea na ubao unasogea naye. Ahsante sana kaka.

Sasa nimsimamishe sungura kama picha bapa kwenye huo ubao au nimuunde wa 3D?

#29 NyangumiWaKilwa
Picha bapa. Chini yake weka sakafu ya kukamata kivuli, kwenye Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, ipo, sakafu yenyewe haionekani kinabaki kivuli tu. Weka jua upande uleule wa jua la video. Kwa ramu 8 itaenda polepole ila itaenda, iache usiku.

#30 FundiPikseli
Usimdanganye. Picha bapa jua likitoka ubavuni kivuli chake kinakuwa mstari kama wa karatasi iliyosimama, sio cha sungura mwenye tumbo. Kivuli achore kwa mkono kwenye Krita kama alivyofanya sekunde 4 za kwanza, Blender impe mwendo tu.

#31 NyangumiWaKilwa
Kinategemea jua liko wapi. Likiwa mbele au nyuma ya kamera kivuli cha picha bapa kinatoka vizuri kabisa. Dada jua liko wapi?

#32 BarazaLaTanga
Kushoto, juu kidogo. Kivuli cha nguzo kinalala kulia.

#33 FundiPikseli
Basi mkono.

#34 MzeeWaSinema
Na macho ya bibi? Nimeuliza toka #8, mmenipita mnaongelea misumari.

#35 BarazaLaTanga
Mzee samahani, nilikuwa naogopa kulijibu hilo. Muda mwingi anatazama watoto upande wa kamera. Lakini kwenye hii faili nzima nimeona kitu ambacho kwenye ile ya grupu kilikuwa vibokisi tu. Sekunde ya 27 paka wa jirani anatoka nyuma ya nguzo, anapita kwenye mkeka, anakaa kama sekunde 5, anaondoka. Bibi anamfuata kwa macho, anamuonyesha kidole anaendelea kusimulia. Na anachosema pale ni "akakaa kitako anamtazama fisi". Yaani kwa macho na kidole ni kama anamuonyesha sungura.

#36 MzeeWaSinema
Mpwa wako kanasa kitu ambacho watu wanakitengenezea masanamu ya mpira. Usiiguse ile sehemu kwa haraka. Sungura awe pale alipo paka.

#37 Kisiwani_Lamu
Nimesisimka. Mchore sungura JUU ya paka, fremu kwa fremu. Hii ni njia ya zamani, Max Fleischer aliipatia hataza 1917, unapitisha karatasi juu ya mwendo wa kweli unaufuata. Kivuli cha paka ni cha kweli tayari, kimeguswa na jua la kweli, pale kwenye mkeka anapokanyaga ukindu unabonyea. Hakuna atakayekichora vizuri kuliko hivyo.

#38 DodomaRenda
Kivuli cha paka kina mkia. Sungura wake ana masikio ya futi moja na kavaa kikoi. Kila mtu ataona sungura mwenye kivuli cha paka. Mfute paka kabisa, baraza limetulia kwa hiyo fremu za kabla hajaingia zinaweza kuziba mahali pake, halafu mchore sungura na kivuli chake upya.

#39 mtu_wa_kisumu
Na paka hutembea, sungura huruka. Ukimfuata paka hatua kwa hatua utapata sungura anayenyatia. Mfuate pale anapokaa tu, zile sekunde tano.

#40 asha_wa_twiga
Kwani sungura wa hadithi si mjanja? Anyatie tu.

#41 FundiPikseli
Njia ya kati. Paka funika, kivuli chake bakisha kile cha kugusa chini ya makalio tu, mkia futa, masikio ongeza. Ila angalia mkono wa bibi, amesema ananyoosha kidole. Kama mkono unapita mbele ya paka lazima upite mbele ya sungura, hapo unakata maski ya mkono fremu kwa fremu, vidole vitano.

#42 BarazaLaTanga
Unapita. Fremu 22 nimezihesabu.

#43 boda_wa_picha
22 ni usiku mmoja. Kata kwa uangalifu kwenye pete.

#44 MwanaMvita
Na ukimaliza uiulize familia kabla ya kuiweka mtandaoni, ni sura ya mtu na sauti yake. Sisi tutangoja.

#45 BarazaLaTanga
Haiendi mtandaoni, ni ya nyumbani, nitawawekea hapa kipande cha mkeka na sungura tu bila sura ya bibi mnikosoe. Nimeanza na zile sekunde 5 za paka. Nimefanya fremu 14 kwa njia ya #41. Anakaa. Kidole cha bibi kinapita mbele ya sikio lililokunjika na linaonekana nyuma ya kidole.

Ila mkia wa paka nimeufuta na sasa kwenye mkeka pamebaki doa jeupe la jua pale mkia ulipokuwa unatikisika, halilingani na pembeni. DodomaRenda, hizo fremu za kuziba nizitoe kabla paka hajaingia au baada ya kutoka? Maana jua limesogea kidogo.

#46 DodomaRenda
Baada ya kutoka, ziko karibu zaidi na hapo.

#47 Kisiwani_Lamu
Kabla. Paka akiondoka anaacha mkeka umejikunja.